UKOKO WA SABUNI SI KOSA LA MFANYAKAZI



Mwisho wa mwezi mmoja, mama tunayefanya naye kazi katika nyumba ya wageni hapa Magara alipokea mshahara wake akaukuta pungufu. Alipomwuliza mnyapara sababu, alijibiwa kwamba mashuka yamegeuka rangi ya kijivu, taulo zimekuwa ngumu kama gunia, na kuta za bafu zina ukoko mweupe usiotoka. "Wewe mama hufui, unalowesha tu." Ndivyo alivyoambiwa mbele ya wenzake. Fedha zilizokatwa, akaelezwa, ni za kusaidia kununua mashuka mapya.

Jina la nyumba hiyo silitaji, maana malalamiko ya namna hii nimeyasikia pia kwa wanaosafisha vyoo, kwa wanaoosha vyombo na kwa wanaofua nguo za watu mtoni kwa ujira wa siku. Mama huyu simjui kwa uvivu. Anafika kazini kabla jua halijatokeza juu ya milima, na anaondoka linapozama upande wa Kongo. Vidole vyake vimepasuka kwa kusugua. Kama kusugua kungetosha, mashuka yale yangekuwa meupe kuliko yote katika pwani yetu.

Maoni yangu ni haya: ukoko ule haukuletwa na mkono wa mfuaji. Umeletwa na maji ya ziwa yalipokutana na sabuni. Dawa yake inajulikana tangu zamani, na kuinunua ni wajibu wa tajiri, sawasawa na anavyonunua mafuta ya injini ya boti yake. Kumkata mfuaji mshahara kwa sababu ya ukoko ni kumtoza faini kwa tabia ya maji.

MAJI YETU YANA NINI?

Ziwa Tanganyika lina maji maangavu, na mgeni akiyatazama hudhani hakuna maji safi kuyapita. Ni kweli yanapendeza, lakini ndani yake mna madini yasiyoonekana kwa macho. Katika kila lita mna kiasi cha miligramu 40 za magnesiamu na miligramu 10 hivi za kalsiamu. Mto Ruzizi hutuletea chumvi nyingi kutoka Ziwa Kivu. Maji yanayotoka kwa Mto Lukuga, upande wa Kongo, ni machache. Mengi zaidi hupanda hewani kwa nguvu ya jua. Maji yakipanda hewani, madini hubaki nyuma. Mambo yamekwenda hivyo kwa miaka mingi kupita hesabu ya ukoo wowote.

Maji yenye madini hayo kwa wingi huitwa maji magumu. Maji ya mvua hayana, ndiyo maana huitwa laini. Vijito vingi vinavyoshuka milimani nyuma yetu navyo vina madini machache kuliko ziwa. Wazee wetu walijua hayo bila kwenda shule: wapo mama ambao hata leo hukinga maji ya mvua kwa ajili ya nguo nyeupe, na za kazi hupeleka ziwani.

Sasa tuitazame sabuni. Sabuni yetu ya pwani hupikwa kwa mafuta ya mawese na kostiki. Kila chembe ya sabuni ina kichwa na mkia. Mkia hupenda mafuta, kichwa hupenda maji. Nguo ikiwa na jasho na mafuta, mikia huzama ndani ya uchafu, vichwa hubaki nje vikivutwa na maji, na uchafu hung'oka ukaelea. Hiyo ndiyo kazi yote ya sabuni.

Katika maji magumu kazi hiyo huvunjika kabla haijaanza. Chembe moja ya kalsiamu au ya magnesiamu hukamata vichwa viwili vya sabuni kwa mpigo mmoja, kama mnyapara anayewashika vijana wawili ukosi. Vichwa vilivyofungwa hivyo havishikani tena na maji. Kinachobaki ni mikia, na mikia haipendi maji. Basi chembe hizo hukusanyana zikawa madonge meupe yanayonata. Donge likikaa kwenye shuka, shuka hugeuka kijivu. Likikaa kwenye taulo, taulo hukakamaa. Likikauka ukutani, huwa ukoko. Uchafu uliokuwa unang'oka nao hunaswa humo humo ukarudi kwenye nguo.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kwa madini niliyoyataja, lita moja ya maji ya ziwa yaweza kula gramu moja na zaidi kidogo ya sabuni kavu kabla povu halijasimama. Bidoni ya lita 20 hula gramu 20 na zaidi. Mfuaji anayetumia bidoni 10 kwa siku huwa amepoteza gramu 200 za sabuni bila kusafisha hata kitambaa cha mkono. Hii ni hesabu ya karatasi. Kazini huweza kupungua kidogo, kwa kuwa magnesiamu haishiki sabuni kwa nguvu kama kalsiamu. Lakini maana yake haibadiliki. Mnyapara anapouliza kwa nini sabuni imekwisha mapema, jibu ni kwamba sehemu yake imeliwa na ziwa. Haikuibwa na mtu.

NAMNA UTANDO UNAVYOTAWANYWA

Wataalamu wa kemia wana jina moja la vitu vyote vyenye kichwa cha kupenda maji na mkia wa kupenda mafuta. Wanaviita safaktanti. Sabuni ni safaktanti ya kale. Sabuni za unga ambazo wengi wetu tunaziita omo, hata kama zimetoka kiwanda kingine, na sabuni za maji za kuoshea vyombo, zina safaktanti za kutengenezwa viwandani. Tofauti kubwa iko kichwani. Kichwa cha sabuni ya mawese ni chepesi kukamatwa na kalsiamu. Vichwa vya hizi nyingine vimeundwa kwa namna ambayo kalsiamu ama haivishiki kabisa, ama ikivishika bado vinaendelea kuyeyuka katika maji.

Jambo la kuangalia sana ni lile linalotokea safaktanti hizo zinapochanganywa na sabuni yetu. Chembe za sabuni zikiwa nyingi majini hujikusanya katika vifundo vidogo vya mviringo, mikia ndani na vichwa nje, kama watu waliokaa wakipeana migongo. Kalsiamu ikiingia, hubana vichwa pamoja, kifundo huvunjika, mikia hutokeza nje, na donge huzaliwa. Lakini kama katikati ya chembe za sabuni zimekaa chembe nyingine zenye vichwa vipana visivyokamatika, kifundo hukataa kuvunjika. Kalsiamu imo, sabuni imo, lakini donge halitokei.

Hata kama chembe za utando zimekwisha kuzaliwa, safaktanti huzizunguka moja moja na kuzivika koti la maji. Chembe zenye koti hazigandamani wala hazinati kwenye nguo. Huelea zikamwagwa pamoja na maji ya kusuuza. Angalieni vizuri hapo: ugumu wa maji haukuondoka, umetawanywa tu. Kwa hiyo maji ya kwanza yamwagwe yangali meupe, yasiachwe yakatulia. Na dawa hiyo itiwe majini kabla ya sabuni, kwa sababu kuzuia donge lisizaliwe ni rahisi kuliko kulivunja likishakomaa ukutani kwa wiki tatu.

Kiasi kinachotakiwa si kikubwa. Mwaka 1950 wataalamu wawili, Borghetty na Bergman, walieleza kipimo ambacho wenye viwanda wamekitumia tangu hapo: unahitaji gramu ngapi za dawa kwa kila gramu 100 za sabuni, katika maji magumu kupita haya yetu, ili madonge yasionekane? Safaktanti za kawaida za sabuni za unga huhitaji gramu 30 hadi 40. Zile zilizoundwa kwa kazi hii hasa huhitaji gramu 5 au pungufu. Gramu 5 kwa 100, ndugu zangu! Kwa kiasi hicho mama yetu anakatwa mshahara.

HASARA ILIPOKUWA YA TAJIRI

Historia ya dawa hizi ina funzo kwetu wafanyakazi. Hazikuvumbuliwa kwa kumhurumia mfuaji. Zilitafutwa zaidi kwa ajili ya viwanda vya nguo vya Ulaya. Huko nako maji yalikuwa magumu, na utando wa sabuni uliganda kwenye vitambaa. Rangi ikashika hapa na kukataa pale, na mali nzima ikawa na mabaka. Mnunuzi akiikataa, aliyepata hasara alikuwa mwenye kiwanda.

Je, aliwaambia wafanyakazi wasugue zaidi? La. Alikwenda kwa wanakemia. Mwaka 1928 kampuni ya Böhme ya Ujerumani ikatoa safaktanti iliyovumilia maji magumu. Mnamo mwaka 1930 I.G. Farben, kampuni ile ile ambayo wakati wa vita vya pili ilijitia aibu ya milele kwa kutumikisha wafungwa, ikatoa aina ziitwazo Igepon, zilizotawanya utando kwa kiasi kidogo sana. Nchini Marekani, mwaka 1946, sabuni ya unga ya Tide ikawafikia watu wa nyumbani, na haikuchukua muda mrefu sabuni ya kale ikawa imetupwa mbali katika kufua.

Maana yake nini? Hasara ilipokuwa ya tajiri, dawa ilitafutwa ikapatikana. Huku kwetu, hasara inapopitishwa kwenye bahasha ya mfuaji, tajiri hana sababu ya kutafuta chochote. Mashuka yakiharibika, mama analipa. Ya mwezi ujao yakiharibika, mama atalipa tena. Makato hayo hayaondoi ukoko. Yanaulinda, maana yanamwondolea mwenye uwezo wa kununua dawa ile haja ya kuinunua.

DAWA MBAYA

Baadhi ya wakubwa, ukoko ukiwashinda, huleta tindikali katika chupa isiyo na maandishi. Kweli asidi huvunja ukoko: hung'oa kalsiamu na kuacha mafuta yaliyolegea, ambayo baadaye huoshwa kwa sabuni. Maji ya limao au siki hufanya kazi hiyo hiyo polepole na bila hatari kubwa. Lakini tindikali kali bila glavu hula ngozi na kuchoma macho.

Kuna hatari kubwa zaidi. Mwenzetu mmoja, kijana wa usafi, alipewa chupa ya namna hiyo asielezwe iliyomo. Akamwaga chooni, akaona haitoshi, akaongeza javeli, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita jiki. Asidi ikichanganyika na javeli hutoa hewa ya klorini, hewa ya sumu. Kijana alitoka anatambaa, anakohoa, machozi yanamtoka. Mungu alimsaidia kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Ninyi nyote mnaosoma ukurasa huu, wafundisheni wenzenu wasiojua kusoma: asidi na javeli havikai katika ndoo moja, hata kwa dakika moja.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Watasema, kwanza, kwamba dawa ni ghali. Nawajibu kwa hesabu ya bidoni. Sabuni inayoliwa na ziwa kila siku nayo ina bei, na mashuka mapya yana bei kubwa zaidi. Anayesema hana fedha za kijiko cha sabuni ya maji, huku akinunua mashuka kila baada ya miezi michache, hajafanya hesabu, au anajua kwamba hesabu hiyo inalipwa na mtu mwingine.

Watasema, pili, kwamba basi tuiache sabuni ya mawese tununue ya unga peke yake. Hapo nakataa kwa nguvu. Rumonge na pwani hii inaishi kwa mawese. Wapo wanaopanda michikichi, wanaokwea, wanaokamua, wanaopika sabuni. Tangu mwaka 1911, Lever alipopewa ardhi kubwa ya michikichi katika Kongo ya Wabelgiji, mafuta ya Afrika yamekuwa yakisafiri kwenda Ulaya kwa jasho la watu waliolazimishwa kazi, na kurudi yakiwa sabuni yenye karatasi nzuri. Leo sabuni inapikwa na mikono yetu, kwenye pwani yetu. Haina kosa ila moja, kwamba haijaandaliwa kwa maji ya ziwa. Kosa hilo linatibika kwa gramu chache, na wenye kupika sabuni wangefaa kulifikiria katika vyungu vyao, ili mche wa Rumonge ufue vizuri Rumonge kwenyewe.

Watasema, tatu, kwamba tutalichafua ziwa. Hoja hii ni ya haki, nami naiheshimu, maana wavuvi wa mukeke na ndagala ni ndugu zetu. Sabuni za unga za zamani zilikuwa na fosfati nyingi, ambazo hukamata ugumu wa maji lakini hulisha majani na ukungu wa ziwani. Na safaktanti za miaka ya 1950 hazikuoza. Mito ya Ulaya na Marekani ilifunikwa na povu, mpaka Ujerumani ikatunga sheria mwaka 1961, na viwanda vya Marekani vikabadilisha aina kufikia mwaka 1965. Basi tudai dawa isiyo na fosfati na inayooza, itumike kwa kijiko si kwa kopo, na maji machafu yamwagwe shambani au shimoni, mbali na mahali pa kuteka na pa kuvulia. Kutumia kidogo na kwa akili kunalinda ziwa kuliko kumwaga sabuni bila hesabu.

TUNADAI NINI

Kwanza, makato ya ukoko yakome. Mkataba wa 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, makubaliano ya pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya mnyapara haimo katika orodha hiyo.

Pili, glavu na vifaa vya kujikinga vitolewe bure. Mkataba wa 155 wa mwaka 1981 unatamka kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tangu mwaka 2022 mkataba huo umehesabiwa kati ya mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Burundi ni mwanachama tangu mwaka 1963.

Tatu, kila chupa iwe na jina la kilichomo, kwa lugha tunayoisoma.

Nne, mfuaji apewe dawa ya kutawanya utando, na apewe pipa la kukingia maji ya mvua kwa ajili ya kusuuza nguo nyeupe. Kuchemsha maji ya ziwa hakutoshi, kwa sababu kunaangusha zaidi kalsiamu, na madini yetu mengi ni magnesiamu.

JARIBIO LA CHUPA TATU

Ndugu, msiende kwa tajiri na maneno matupu. Nendeni na chupa tatu nyeupe. Ya kwanza tieni maji ya mvua, ya pili maji ya ziwa, ya tatu maji ya ziwa na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Katika kila chupa tieni ukucha mmoja wa sabuni ya mche uliokatwa sawa. Tikiseni kwa nguvu, kisha ziacheni zitulie.

Sisi tulifanya hivyo juu ya meza ya mnyapara. Ya mvua ilijaa povu. Ya ziwa ilibaki na madonge yakielea kama maziwa yaliyoganda. Ya tatu ilikuwa nyeupe kidogo, yenye povu, bila donge. Mama yule ndiye aliyezitikisa mwenyewe, moja baada ya nyingine, bila kusema neno. Mnyapara aliziangalia muda mrefu, akaishika ile ya pili, akaigeuza chini juu.

Mwezi uliofuata makato hayakuwapo. Fedha za mwezi ule wa kwanza bado hazijarudishwa, na glavu bado hatujazipata. Kwa hiyo chupa zetu tatu tumeziweka, na tutakwenda nazo tena.

Mfuaji mmoja akilalamika huitwa mvivu. Wafuaji wakienda pamoja, wakijua maji yao yana nini, ni vigumu kuwaita hivyo.

Umoja ni nguvu.